Biblia ya Union Version ya maandishi makubwa: kabla hujampelekea mtu aliyekata tamaa

Mtu akiingia duka la vitabu vya Kikristo hapa Mombasa kununua Biblia ya zawadi, huanza na rangi ya jalada, kisha bei, kisha huuliza kama jina linaweza kuchapwa juu yake. Kwa harusi au kipaimara hapana neno. Lakini ikiwa Biblia inakwenda kwa mtu ambaye daktari amemwambia dawa zimefika mwisho, au kwa mama ambaye mwanawe hajulikani aliko huu mwaka wa tatu, yapo mambo mengine ya kutazamwa kwanza, na mengi yake hayaonekani dirishani. Hapa tunaitazama aina moja tu: Biblia ya Kiswahili ya Union Version, maandishi makubwa, jalada lenye zipu, itifaki nyuma (yaani orodha ya maneno na mistari yanamopatikana). Je, inamfaa mtu asiyeona pa kutokea?

Inamfaa, na kwa sehemu fulani hakuna tafsiri nyingine ya Kiswahili inayoifikia. Ila ina kasoro zake, na ikitumiwa vibaya inaweza kumwongezea mtu mzigo.

Tuanze na uzito. Maandishi makubwa yananenepesha kitabu. Mtu mwenye afya haoni shida, lakini mgonjwa aliyelala chali, mkono mmoja una dripu, hawezi kukishika juu ya kifua zaidi ya dakika chache. Kama unampelekea mtu wa wodini, ongeza kile kitabu chembamba cha Agano Jipya na Zaburi akiweke chini ya mto, na hii kubwa ibaki kwa anayemuuguza. Anayeuguza naye hukata tamaa, na mara nyingi hakuna anayemuuliza habari zake.

Ukiwa dukani, omba ile yenyewe utakayoondoka nayo, si ile ya maonyesho. Ifungue katikati, utaangukia Zaburi au karibu nazo, uilaze kaunta na uondoe mikono. Ikikaa wazi, vizuri. Ikijifunga, mtu wa mkono mmoja hataiweza. Kisha geuza utazame mgongo wake kwa juu: karatasi zikiwa zimekunjwa mafungu mafungu na uzi ukionekana kupita katikati ya kila fungu, hiyo imeshonwa. Ukiona ukingo mmoja ulionyooka uliopakwa gundi tu, ujue joto la hapa na kufunguliwa kila siku vitaanza kuachisha kurasa, na zitakazotangulia kutoka ni zile zinazosomwa zaidi, yaani hizo hizo Zaburi. Jambo la tatu ni karatasi. Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga. Karatasi ya Biblia ni nyembamba kwa desturi, lakini maandishi ya upande wa pili yakijitokeza kiasi cha kuchanganya mistari, macho yaliyochoka au yaliyolia usiku kucha yatashindwa hata kama herufi ni kubwa.

Zipu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote kwa mji wa pwani. Ikiwa ya chuma, hewa ya chumvi huishambulia, na siku inapogoma mtu huvuta kwa nguvu na kuchana jalada. Chukua ya plastiki ikiwepo. Ukikosa, sugua meno ya zipu kwa kipande cha mshumaa mara moja kwa mwezi. Wakati wa masika, unyevu ukiwa mwingi ndani ya nyumba, usiifunge Biblia kwenye mfuko wa nailoni ukidhani unailinda: unyevu uliomo hufungiwa ndani na kurasa huota koga. Iache wazi penye upepo, mbali na jua kali, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana kutwa.

Hayo ni ya ngozi na karatasi. Sababu hasa ya kuichagua Union Version ni Kiswahili chake.

Chukua Zaburi 23:4. Union Version inasema, “Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya.” Hilo neno “nijapopita” lina kiungo -japo- ambacho katika mazungumzo ya mjini kimeanza kufifia, ingawa wazee wa Mvita bado wanakitumia. Kiungo hiki kinakubali ubaya wote wa jambo, kisha kinakataa ubaya huo usiwe neno la mwisho. Anayesoma “nijapopita” hajaahidiwa njia ya kulikwepa bonde. Ameambiwa bonde lipo, kivuli kipo, na yuko Mmoja naye humo ndani. Mtu ambaye kila mgeni amemwambia “utapona tu” hulishika neno hili haraka sana, kwa sababu halimlazimishi kujidanganya.

Kitu cha pili ni kidogo kuliko hicho, herufi moja tu. Siku hizi tunasema “natumai mvua itakatika” au “natumaini matokeo yatakuwa mazuri”. Hapo tumaini limeegemea jambo, na jambo likienda mrama tumaini nalo linaanguka. Sasa tazama Zaburi 42:5: “Umtumaini Mungu.” Ile -m- katikati imegeuza kila kitu. Anayetumainiwa ni mtu, nafsi, si matokeo. Mstari huo unarudi katika 42:11 na tena katika 43:5, mara tatu kwa jumla, na mwimbaji bado yuko pale pale, adui zake bado wanamdhihaki. Paulo katika 2 Wakorintho 1:8-9 anaandika waziwazi kwamba huko Asia walikata tamaa hata ya kuishi, walihisi hukumu ya mauti ndani yao, “ili tusijitumainie nafsi zetu, bali tumtumaini Mungu, awafufuaye wafu”. Anayemfundisha Mkristo aliyevunjika moyo tofauti ya “natumaini kwamba” na “namtumaini” amemsaidia kuliko mahubiri ya saa mbili. Kutumaini kwamba kesi itageuka si dhambi, lakini nguzo ya kuegemea ni hiyo nyingine.

Kwa matumizi ya kila siku, Zaburi 13 ndiyo pa kuanzia. Ina mistari sita tu na haimalizi dakika moja ikisomwa kwa sauti. Mistari 1 na 2 ni malalamiko: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Hilo “hata lini” linarudi mara nne. Mistari 3 na 4 ni ombi, na ombi lenyewe lina sababu zake, kama mtu anayejadiliana na mzee wake. Mistari 5 na 6 ni tumaini. Mpangilio huo ufuatwe vivyo hivyo: kwanza taja kinachouma kwa jina lake, kisha omba kitu mahususi, kisha useme unayemtumaini ni nani. Kosa linalofanywa sana ni kurukia mstari wa 5 moja kwa moja, ati kulalamika ni kukosa imani. Anayerukia huko anasema maneno ya tumaini mdomoni huku malalamiko yakichacha tumboni, na baada ya wiki mbili tatu haombi tena kabisa. Karibu theluthi ya Zaburi 150 ni maombolezo. Waliokusanya kitabu hicho hawakuyaona kuwa aibu.

Na kuna siku hata hiyo “nami nimezitumainia fadhili zako” haitoki. Kwa siku hiyo ipo Zaburi 88, yenye mistari 18, ambayo haigeuki hata mwisho. Inafunga gizani: “Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani.” Hakuna “lakini” inayoifuata. Wengi huiruka wakidhani itamzamisha mgonjwa, ila kwa aliye gizani mara nyingi inafanya kinyume chake. Anagundua kwamba mtu wa Mungu alishasema haya, yakaandikwa, yakasomwa hekaluni. Tena mstari wa 1 unamwita Mungu “Mungu wa wokovu wangu”, ndiyo sala yote inazungumzwa kwake. Msomee mtu taratibu, usiongeze maelezo, na ukimaliza kaa kimya kidogo.

Ayubu ni habari nyingine, na hapa toleo hili linastahili sifa na lawama kwa pamoja. Sifa ni 13:15. Katika mimbari nyingi utasikia, “Ajaponiua, nitamtumaini,” maneno yaliyopita kwenye Biblia za Kiingereza za zamani. Fungua Union Version uone: “Tazama, ataniua, sina tumaini, lakini hata hivyo nitauthibitisha mwelekeo wangu mbele zake.” Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye Kiebrania. Neno lililoandikwa linamaanisha “si”, ila wasomaji wa kale waliweka pembeni usomaji mwingine unaotamkwa sawasawa, wenye maana ya “kwake”. Watafsiri wetu walifuata lililoandikwa. Kwa hiyo Ayubu wa Kiswahili hajifanyi shujaa. Anasema hana tumaini, na bado hamwachi Mungu, anataka kusimama mbele zake aseme yake. Mtu aliyeshindwa kabisa anaweza kusali sala hiyo bila kusema uongo.

Lawama ni kwamba kuanzia sura ya 3 hadi 37, yale majadiliano marefu na wale rafiki watatu na Elihu, Kiswahili cha toleo hili ni kigumu na hakina maelezo chini ya ukurasa. Msomaji peke yake hawezi kutambua upesi kwamba maneno mazuri ya Elifazi na Bildadi ndiyo ambayo Mungu anayakemea katika 42:7. Watu huyatoa huko na kuyatuma kwenye simu za wagonjwa kama faraja! Kabla hujanukuu kitabu cha Ayubu, rudi nyuma utazame ni nani anayesema.

Sasa ile aya inayoonekana nyuma ya matatu, kwenye kalenda na kwenye vikombe: Yeremia 29:11, “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Ni neno la kweli, na Union Version imelibeba vizuri kwa hayo “siku zenu za mwisho”. Ila mstari wa 10 umetaja miaka sabini, na mstari wa 5 umewaambia wale mateka wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Mtu mzima aliyeisikia barua ile alijua kwamba atazikwa ugenini. Manabii waliokuwa wakiahidi marejeo ya haraka ndio walioitwa waongo katika barua hiyo hiyo. Kwa hiyo ukimpa mtu 29:11, mpe kuanzia mstari wa 4 hadi wa 14. Akiipokea peke yake ataisoma kama ahadi ya mwezi ujao, na mwezi ujao ukipita atadhani Mungu amemsahau yeye au yeye ana kasoro.

Waebrania 11 inafanyiwa vivyo hivyo. Husomwa hadi katikati ya mstari wa 35, pale wanawake walipopokea wafu wao waliofufuliwa, kisha watu hushangilia. Mstari wenyewe haujaisha: “Lakini wengine waliumizwa vibaya.” Wanafuata waliopigwa mawe, waliokatwa kwa misumeno, waliotangatanga wamevaa ngozi za kondoo na za mbuzi. Na wote, waliookolewa na upanga na waliouawa kwa upanga, wanahesabiwa kwenye orodha moja ya imani. Weka hapo pembeni Danieli 3:17-18, wale vijana watatu mbele ya tanuru: Mungu wetu aweza kutuokoa, “kama si hivyo,” hatutaisujudia sanamu. Maneno matatu hayo, “kama si hivyo”, ningeyapigia mstari kwa penseli kabla ya kuipeleka zawadi. Penseli, si kalamu ya wino, maana kwenye karatasi hii wino hupenya hadi upande wa pili.

Kumtumaini Mungu hakumwondoi mtu kwenye dawa, na hili lazima lisemwe kwa sauti hapa kwetu, ambako wapo wanaoacha vidonge baada ya kesha moja. Katika 2 Wafalme 20, mfalme Hezekia, aliye mgonjwa wa kufa, anaahidiwa na Mungu miaka kumi na mitano zaidi ya kuishi. Mstari unaofuata, Isaya anaagiza mkate wa tini, unawekwa juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka, na dawa ikatumika.

Wengi huuliza kama si afadhali wachukue Biblia Habari Njema. Kwa masimulizi na nyaraka, ndiyo, hasa kwa kijana ambaye “walakini” na “saburi” vinamkwaza. Warumi 4:18 ni mfano mzuri. Union Version inasema Ibrahimu “aliamini kwa kutarajia yasiyoweza kutarajiwa”, sentensi tamu inayohitaji kusomwa mara mbili. Habari Njema inaeleza waziwazi kwamba hali yenyewe haikuwa na tumaini lolote, naye akaamini. Tena Habari Njema ilifanywa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, na ipo chapa yenye vitabu vya deuterokanoni, vile vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki na visivyomo katika za Waprotestanti wengi, kwa hiyo kwa familia ya Kikatoliki uliza hiyo. Pale ambapo siwezi kukubaliana na kubadilisha ni kwenye Zaburi na Maombolezo. Maombolezo 3:22-23, “Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi,” yana mdundo unaokaa kichwani hata mtu akiwa na homa. Na Warumi 5:5, “tumaini halitahayarishi,” kwa mtu wa pwani ina nguvu zaidi ya maelezo yoyote. Kila mtu hapa anajua kutahayari ni nini: kusimama mbele za watu huku ulichokitegemea kimekuangusha.

Kiswahili hicho hakikuletwa na meli kikiwa tayari. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Julai ya mwaka huo huo homa ilimuua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga naye akafariki. Kumbukumbu yao iko upande wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale. Mwenzake, Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846, alikaa Rabai hadi 1875 na kuondoka akiwa amepofuka, na waliobatizwa miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Biblia nzima kwa lahaja ya Unguja ilitoka 1891, ya Mombasa 1914, na Union Version iliyokusudiwa kuziunganisha hizo mbili ikakamilika 1952. Kutoka kaburi lile hadi kitabu hiki ni miaka 108. Krapf alikufa 1881, hakuiona hata ya kwanza.

Itifaki ya nyuma isikudanganye. Ni fupi, inatoa mistari iliyochaguliwa tu, na anayetafuta maombolezo hatayapata kwa urahisi. Dawa yake ni kuandika mwenyewe kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo, kwa tarakimu kubwa: Zaburi 13, 22, 42, 43, 77, 88, 130. Ya 22 ndiyo ile ambayo Yesu aliitamka msalabani, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Hiyo iwekee alama ya pembeni.

Kwa asiyeweza kusoma tena, Biblia ya sauti kwenye simu inafaa, lakini pakua sura hizo mapema ukiwa na intaneti nzuri nyumbani, uweke simu isizime skrini na kukata sauti katikati, na upeleke visikilizi ili jirani wa kitanda asisumbuke. Usimwachie kitabu kizima kikicheza mfululizo. Sura moja, kisha kimya.

Ukienda kumtembelea, dakika kumi zatosha. Msalimie, muulize leo ni Zaburi ipi, naye asipotaka yoyote, usisome. Biblia hizi nyingi huja na utepe mmoja. Mshonee wa pili, wa rangi nyingine, kwa kuunasa kwa uzi na sindano chini ya kitambaa cha mgongo. Wa kwanza ukae Zaburi 13. Wa pili uweke Zaburi 130, kwenye mstari wa 6, “Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi,” kwa ajili ya zile saa za saa tisa usiku ambazo wewe hutakuwapo na taa ya wodi imeshapunguzwa. Ndiyo maana ya kununua maandishi makubwa.